Kebo mbili, kasi ile ile: kagua haya kabla hujanunua seva mpya



Kuna swali naulizwa sana inbox tangu nilipoposti picha ya kile kisanduku changu cha kuhifadhia video. Linakuja kwa namna nyingi lakini kiini chake ni kimoja: "Dada, seva yangu ina matundu mawili ya mtandao. Fundi kachomeka kebo mbili, kaziunganisha, kanambia sasa kasi itakuwa mara mbili. Mbona nikihamisha video inakwenda vile vile? Na siku nyengine inatambaa kama konokono?"

Jibu la haraka: kebo mbili hazilifanyi faili moja liende mbio mara mbili. Na kama kasi imeshuka chini hata ya ile ya kebo moja, basi kuna kitu kibovu, na mara nyingi kitu hicho ni cha bei ndogo kuliko unavyotishwa. Mie niliambiwa ninunue seva mpya, zaidi ya milioni moja na nusu, tena mwezi wa Shaaban, wakati kila shilingi inasubiriwa na mzigo wa Ramadhani na Idi. Kumbe tatizo lilikuwa kichwa cha kebo pamoja na mpangilio wa swichi uliofutika umeme ulipokatika. Nitaeleza yote mawili, na wewe ambaye hujasomea kompyuta utafuata tu. Mie mwenyewe skuli nimeishia kidato cha nne. Haya nimeyajua kwa kusoma, kujaribu na kuuliza watu.

Kwa wale wanaojiuliza seva ya nini kwa muuza kanga na mabaibui: seva ya nyumbani ni kisanduku chenye diski mbili au zaidi, kinakaa kwenye mtandao wa ndani, na kila kompyuta na simu ya dukani inaweka na kuchukua mafaili humo. Wapo wanaonunua iliyo tayari kama Synology au QNAP, wapo wanaochukua kompyuta ya mezani ya zamani wakaitia Linux. Kwetu dukani tuko watatu: mie, mdogo wangu na binamu yetu. Mmoja anapiga picha, mmoja anakata video, mmoja anajibu wateja. Mteja wa Muscat anataka video ya karibu aone mapambo ya baibui, mteja wa Pemba anataka aone kanga imetandazwa yote asome na jina. Simu haibebi yote hayo. Na kuweka kila kitu mtandaoni nako kuna siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na Tanzania nzima tuliisikia. Siku kama ile, mwenye mafaili yake ndani ya nyumba anaendelea kukata video, na mwenye mafaili mawinguni anakaa anaangalia kiduara kinazunguka.

Sasa tuje kwenye hizo kebo mbili.

Chukulia gari za abiria kutoka mjini kwenda Mwanakwerekwe. Zikiwa mbili badala ya moja, abiria wengi zaidi watafika kwa wakati mmoja. Lakini wewe abiria mmoja huwezi kukaa nusu gari hii na nusu gari ile ukafika mapema zaidi. Ndivyo zinavyofanya kazi kebo zilizounganishwa. Kila mazungumzo kati ya kompyuta moja na seva hupangiwa kebo moja, na yanabaki kwenye kebo hiyo hiyo. Utaratibu huu kwenye menyu za seva na swichi utauona kwa jina la LACP au kwa namba 802.3ad. Namba hiyo ni ya kanuni iliyotoka mwaka 2000, na imewekwa hivyo makusudi, ili vipande vya faili visifike vimepishana.

Halafu kuna jambo jengine ambalo mafundi wengi hawakwambii: hebu geuza laptop yako uiangalie. Ina tundu moja la kebo, na za kisasa hazina hata hilo. Seva ikiwa na kebo mbili, nne, hata nane, laptop yenye tundu la gigabiti 1 itapokea gigabiti 1, basi. Kwa hiyo ukiwa peke yako dukani unakata video, kebo ya pili haikuongezei kitu. Mkiwa watatu mnavuta kwa pamoja, hapo ndipo utaiona kazi yake.

Kabla ya kugusa waya wowote, jua namba zako. Hapa watu wengi wanachanganywa na biti na baiti. Mtandao unapimwa kwa biti, mafaili yanapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kebo ya gigabiti 1 ikiwa nzima utaona dirisha la kunakili linaandika MB 110 hivi kwa sekunde, au zaidi kidogo. Kebo ya megabiti 100 utaona MB 11 au 12. Kwa video za siku moja za kupigia picha mzigo mpya, tuseme GB 40, hiyo ni tofauti ya dakika kama sita dhidi ya karibu saa nzima.

Hiyo 11 ikariri. Ukiona kasi imeng'ang'ania 11, haipandi wala haishuki, usikubali mtu akwambie diski imechoka au seva imezeeka. Diski iliyochoka haichoki kwa adabu namna hiyo, inapanda na kushuka. Kasi iliyosimama kwenye 11 maana yake kuna sehemu kwenye njia mawasiliano yameshuka kutoka gigabiti 1 hadi megabiti 100. Tafuta sehemu hiyo.

Na sababu kubwa ni kebo. Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyuzi nane, jozi nne. Gigabiti inataka jozi zote nne ziwe nzima. Megabiti 100 inatosheka na jozi mbili. Uzi mmoja ukikatika au ukiota kutu kwenye kichwa, vifaa viwili vinakubaliana kimya kimya kushuka. Hakuna onyo na hakuna taa nyekundu. Mtandao unafanya kazi, ila unatambaa.

Huku kwetu Mji Mkongwe ndo usiseme. Chumvi ya bahari iko hewani mwaka mzima, unyevu umo ukutani, na nyumba zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo waifai ikifika nusu yake imeshakata tamaa. Ndiyo maana wengi wetu tunalazimika kutumia kebo hata kama hatupendi. Na kutoboa ukuta wa nyumba ya zamani si jambo la kujiamulia, huu mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuna mamlaka yake. Kwa hiyo kebo inapita ngazini, inakunjwa kwenye kona, inabanwa na mlango, inapita karibu na dirisha lisilo na kioo. Kila mkunjo mkali ni uzi unaongoja kukatika.

Kwetu duka liko chini, Mkunazini, seva iko ghorofani mbali na maji ya mvua, na kebo zote mbili zinashuka ngazini mpaka kwenye swichi iliyo chini ya meza ya malipo. Swichi ya mtandao nakusudia, kile kisanduku chenye matundu mengi, si ya taa.

Ushauri mmoja wa kununua: zipo kebo sokoni ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba. Ni rahisi, zinang'aa vizuri, lakini zinakatika upesi zikikunjwa na hazipendi unyevu. Kata kipande kidogo, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukitoka mweupe ndani, mrudishie mwenyewe.

Sasa nieleze ilivyokuwa kwetu, kwa sababu hatua zenyewe ndizo zitakazokusaidia.

Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Asubuhi mdogo wangu akaanza kuvuta video za mabaibui mapya, akaita kutoka chini: "Dada, leo kuna nini? Inasema dakika hamsini na tano!" Jana yake ilikuwa dakika chache. Fundi aliyetufungia akaja, akaangalia, akazima seva, akawasha, ikawa vile vile.

"Dada, hii imechoka. Agiza mpya, hii tutaiuza vipuri."

"Fundi, imechoka wapi? Nioneshe."

"Si unaiona kasi?"

Kasi nilikuwa naiona: MB 11, imetulia kama maji ya mtungini. Nikamshukuru, nikamlipa nauli yake, akaenda zake.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kuondoa kebo moja. Hii ndiyo hatua ninayowaomba wote muanze nayo, kabla ya menyu, kabla ya programu. Kebo mbili zinafichiana aibu. Chomoa ya pili, subiri nusu dakika, nakili faili moja kubwa, soma kasi. Rudisha ya pili, chomoa ya kwanza, rudia. Tumia faili moja kubwa, si picha elfu tatu ndogo ndogo, kwa sababu mafaili madogo yanakwenda polepole hata kwenye mtandao mzuri na yatakudanganya.

Kebo ya kwanza peke yake: MB 112. Ya pili peke yake: MB 11. Nusu ya kazi imeisha hapo, na sijatoa hata shilingi.

Lakini swali likabaki: kama kebo moja ni nzima, mbona zote mbili zikiwemo seva inang'ang'ania ile mbovu? Hapo nikaingia kwenye seva yenyewe. Yetu ni kompyuta ya zamani yenye Linux, na Linux ina faili linaloeleza hali ya kebo zilizounganishwa. Unaandika hivi:

cat /proc/net/bonding/bond0

Yatatoka maandishi mengi ya Kiingereza, usiogope, mistari ya kuangalia ni michache. Wa kwanza ni Bonding Mode, unakwambia zimeunganishwa kwa utaratibu gani. Wa pili ni Partner Mac Address, nao ni utambulisho wa swichi iliyo upande wa pili. Ukikuta sifuri tupu, 00:00:00:00:00:00, maana yake seva inaita na swichi haiitiki. Wa tatu ni Speed, unaandikwa kwa kila kebo, hapo utaona 1000 au 100. Wa nne ni Aggregator ID, nao pia unaandikwa kwa kila kebo. Kebo zilizoungana kweli zina namba moja. Zikiwa na namba mbali mbali, kila moja iko kivyake na moja tu ndiyo inayofanya kazi. Kama yako ni Synology au QNAP, habari hizi hizi ziko kwenye ukurasa wa mipangilio ya mtandao, kwa sura nzuri zaidi.

Yetu ilisema: swichi sifuri tupu, kebo moja 1000, nyengine 100, namba za kundi mbili tofauti, na inayotumika ni ile ya 100. Umeme uliporudi kila kitu kiliwaka kwa wakati wake, seva ikaishika ile kebo mbovu, na kwa mpangilio wake wa kawaida haiachi ikishaishika mpaka hiyo kebo ife kabisa. Utaratibu huu hauzichanganyi kebo za kasi mbili tofauti kwenye kundi moja, kwa hiyo ile nzima ilikuwa imekaa pembeni inatazama.

Na kwa nini swichi haiitiki? Kwa sababu swichi ilikuwa imesahau. Swichi hizi zinazokubali mipangilio, nyingi zina mambo mawili tofauti: kuna kubonyeza ili mpangilio uanze kufanya kazi, na kuna kuuhifadhi ili ubaki hata umeme ukikatika. La pili lina kitufe chake, mara nyingi kimejificha kwenye ukurasa mwengine kabisa. Fundi alibonyeza la kwanza, akaona kazi inakwenda, akachukua pesa zake. Siku umeme ulipokatika swichi ikaamka kama mtoto mchanga, haijui kundi wala kebo pacha.

Huko kuhifadhi wauzaji wa visiwani msikupite juu juu. Umeme wa Unguja unavuka bahari kutoka bara kwa kebo inayotokea Fumba. Walio na umri kama wangu tunakumbuka tukiwa wadogo: mwaka 2008 giza la karibu mwezi mzima, kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 miezi mitatu ya mishumaa na majenereta. Mwaka 2013 ikaja kebo mpya ya megawati 100 na hali ikawa nyengine, lakini kukatika kwa saa moja mbili bado kupo. Kwa hiyo kila kifaa unachokipangilia, kizime makusudi ukiwashe tena, uone kama kinakumbuka. Mwambie fundi afanye hivyo mbele yako kabla hujamlipa. Na kama una betri ya dharura, usiiwekee seva peke yake. Seva inayowaka huku swichi imezimika haina faida, utabaki unaiangalia taa tu.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Binamu yetu alikata kichwa kibovu cha ile kebo, tukaona viini vyake vimeshapata rangi ya kijani, akabana kipya kwa koleo. Nikaingia kwenye swichi, nikayaweka matundu mawili kwenye kundi moja la LACP, nikahifadhi, nikaizima kwenye ukuta, nikaiwasha. Nikarudi kwenye seva. Safari hii utambulisho wa swichi umetokea, kebo zote 1000, namba ya kundi moja.

Angalia hapa: pande zote mbili lazima zikubaliane. Seva ikiwekwa LACP, swichi nayo iwe LACP. Kuna swichi za bei nafuu ambazo zinaunganisha kebo lakini hazijui LACP, zinajua ule utaratibu wa kudumu usio na mazungumzo. Ukiweka huku hivi na kule vile, utapata kebo moja tu, au hutapata kitu. Na yule mwenye swichi ya kawaida kabisa, ile ya kuchomeka na kutumia isiyo na mipangilio, asiiweke seva kwenye utaratibu wa kupokezana kebo kipande kwa kipande wala ule wa XOR. Swichi itaiona seva hiyo hiyo mara tundu hili mara tundu lile, itachanganyikiwa, na wewe utaona kunakili kunakatika katikati na seva inapotea na kurudi. Kuna mtu wa Fuoni alinitumia picha ya tatizo hili hili, alikuwa keshabadilisha diski mbili! Kwa swichi ya kawaida chagua ule utaratibu wa moja inafanya kazi na nyengine inasubiri, kwenye menyu utauona Active-Backup, Active/Standby au Failover. Synology pia wana Adaptive Load Balancing ambao hauhitaji swichi yenye mipangilio.

Sasa kipimo cha kweli. Kunakili faili kunachanganya mambo mawili, mtandao na diski. Kuvitenganisha tumia programu ya bure inaitwa iperf3. Kwenye seva unaandika iperf3 -s, kwenye kompyuta ya dukani unaandika iperf3 -c kisha anwani ya seva. Inatuma data tupu bila kugusa diski. Kebo nzima ya gigabiti itakupa megabiti 940 hivi. Ukipata 940 kwenye iperf3 lakini kunakili kunakwenda MB 40, hapo sasa ndiyo uiangalie diski. Ukipata 94, rudi kwenye kebo.

Kwa kebo mbili lazima upime kwa kompyuta mbili kwa pamoja, na kwa kuwa iperf3 moja inahudumia mtu mmoja kwa wakati, fungua mbili kwenye seva kwa namba tofauti, moja -p 5201 na moja -p 5202. Ukiongeza -R upande wa kompyuta, seva ndiyo inayotuma.

Tulipopima mara ya kwanza, mie kwenye kompyuta ya mezani na mdogo wangu kwenye laptop, kila mmoja akapata 470. Jumla ni kebo moja! Mtu asiyejua angesema haijaungana. Imeungana, ila wote wawili tumepangiwa gari moja. Seva inachagua kebo kwa kufanya hesabu juu ya anwani za vifaa, na kwa kawaida Linux inahesabu anwani za kadi za mtandao tu. Ukiwa na kompyuta mbili tatu, ni rahisi zote kuangukia upande mmoja, na zitaangukia huko kila siku kwa sababu anwani hazibadiliki. Dawa yake ni mpangilio unaoitwa xmit_hash_policy, nikautoa kwenye layer2 nikauweka layer3+4, ambao unaingiza na namba za milango ya mawasiliano kwenye hesabu. Tukarudia mara kadhaa, mara nyengine wote 470, mara nyengine kila mmoja 940. Hauleti uhakika, unaongeza bahati ya kugawana. Mawasiliano yakiwa mengi bahati hiyo inatosha.

Na hili wengi hawalijui: mpangilio wa seva unaamua njia ya kinachotoka kwenye seva tu. Unapopakia video kwenda kwenye seva, anayechagua kebo ni swichi, kwa hesabu yake mwenyewe. Kwa hiyo kama kuchukua kunakwenda vizuri na kuweka kunakwama, nenda kwenye menyu ya swichi utafute ugawaji wake, kama unaweza kubadilishwa.

Je, ina faida kwa duka dogo? Rai yangu, na mtu anaweza kunipinga, kasi si sababu ya kufunga kebo mbili. Kama unafanya kazi peke yako na unataka video ziende haraka zaidi, pesa yako ipeleke kwenye vifaa vya gigabiti 2.5: kadi kwenye seva, adapta kwenye laptop, na swichi yake. Kebo ya Cat5e nzima inatosha, huna haja ya kubadilisha. Hapo hata faili moja litakwenda kasi zaidi, mpaka diski ndiyo iseme imefika. Lakini pande zote lazima ziwe 2.5. Ukiacha kipande kimoja cha gigabiti 1 katikati umetupa pesa.

Mie nimebaki na kebo mbili kwa sababu nyengine. Ngazini kwetu watoto wanapita, magunia ya mzigo yanapita, paka wanapita. Kebo moja ikikatika saa nne usiku ishirini na saba Ramadhani, nataka ya pili iendelee bila mtu kujua. Nilijaribu: video inacheza kwenye kompyuta ya dukani, binamu yetu ghorofani anachomoa kebo. Ikasita kidogo, ikaendelea. Akairudisha, akachomoa nyengine, ikaendelea tena. Jaribu na wewe siku ya utulivu, usingoje siku ya oda. Na kila mwezi fungua lile faili la hali usome mstari wa Link Failure Count kwa kila kebo. Namba ikipanda wakati hakuna aliyechomoa kitu na umeme haukukatika, kebo hiyo imeanza kuumwa, ibadilishe kabla haijashuka kwenye 11.

Kebo mbili si nakala mbili, hilo nalo liwekeni wazi vichwani. Hata diski mbili ndani ya seva moja si nakala ya akiba, maana moto, mwizi au maji yatachukua zote. Picha zetu za miaka miwili na daftari la oda ziko pia kwenye diski ya nje kwa mama, Mwanakwerekwe. Kila Ijumaa naichukua nikienda kumsalimia, na Jumapili inarudi.

Ukikwama, niwekee kwenye maoni namba tatu: kasi ya kebo ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, na zote pamoja. Taja na swichi yako ina mipangilio au ni ile ya kuchomeka tu. Anwani za vifaa zifute kwenye picha kabla hujaposti. Najibu usiku, baada ya kufunga duka.